Nchi isiyo na upande inasuluhishaje vita vya wenzake? Nahitaji hatua halisi kwa zoezi la wanafunzi, Tanga

Mwl. wa Chumbageni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Nafundisha Historia kidato cha tano na sita hapa Tanga mjini. Klabu ya midahalo inaandaa zoezi: nchi mbili za kubuni zinapigana, na ya tatu, isiyo na upande, imeombwa isuluhishe. Nina wanafunzi 30, ukumbi mmoja, madarasa mawili na Jumamosi mbili.

Vitabu vinasema "nchi fulani ilisuluhisha, mkataba ukasainiwa", basi, ukurasa umefungwa. Mimi nataka yaliyo katikati. Nani anamwandikia nani kwanza? Nani anakaa chumba gani? Karatasi inasainiwa na nani, fedha zinapita wapi, na kwa nini mapatano mengi huvunjika? Kama kuna mfano unaogusa Tanga au Tanzania nitashukuru zaidi, maana hawa vijana wakisikia Geneva wanasinzia.

Hotuba za amani tafadhali msinipe, tunazo za kutosha.

Binti Pangani

Mwalimu, anzia kabla ya meza. Wanafunzi watataka kukimbilia kikao cha kwanza, waseme "mheshimiwa mwenyekiti" na kugonga meza. Msuluhishi wa kweli hutumia muda mrefu kabla hapajawa na kikao, na mara nyingine kikao cha uso kwa uso hakifanyiki kabisa.

Chukua Algeria kati ya Marekani na Iran. Haikuwa vita kamili, lakini nchi mbili zilikuwa zimevunja uhusiano na moja imewashika watu wa mwenzake: Wamarekani waliotekwa ubalozini Tehran Novemba 4, 1979, ambao 52 kati yao walitoka Januari 20, 1981, baada ya siku 444. Katika miezi ya mwisho Waalgeria, chini ya waziri wao wa mambo ya nje Mohammed Seddik Benyahia, ndio waliokuwa wakitoka Washington na majibu, wakifika Tehran wanapewa maswali, wanarudi tena.

Wasingefika popote kama wangebeba bahasha tu. Kazi kubwa ilikuwa kumweleza kila mmoja kwa nini mwenzake hawezi jambo fulani hata akitaka. Iran ilidai mali ya Shah, mfalme wao aliyepinduliwa, irudishwe. Waalgeria walipaswa kuwafanya Wairani waelewe kwamba rais wa Marekani anaweza kuamuru mali ile isihamishwe, ila kuichukua na kuikabidhi ni jambo la mahakama. Dai likashuka kutoka "rudisheni" hadi "zuieni, nasi tutashitaki". Hapo ndipo mazungumzo yalipopata njia.

Sasa karatasi. Mapatano makuu hayakuandikwa kama mkataba wa Iran na Marekani. Yaliandikwa kama Tamko la Serikali ya Algeria, kwamba baada ya kuzungumza na pande zote mbili, Algeria inatangaza kuwa zimekubali haya na haya. Kila upande ukajifunga kwa tamko la mtu wa tatu. Kiongozi wa Tehran asingeweza kurudi kwa watu wake na karatasi aliyoandikiana na Marekani, lakini karatasi ya Algeria aliweza.

Na fedha, kwa sababu hapa ndipo kila mmoja alipoogopa kudhulumiwa. Iran ilisema fedha kwanza, Marekani ikasema watu kwanza. Jibu lilikuwa akaunti ya amana katika Benki Kuu ya Uingereza, kwa jina la Benki Kuu ya Algeria. Mpangilio ulikuwa hivi: Marekani inaingiza karibu dola bilioni 8 za Iran zilizokuwa zimezuiwa, Algeria inathibitisha kwa Iran kwamba zimeingia, mateka wanapanda ndege za Algeria, Algeria inathibitisha kwamba wote 52 wametoka katika nchi ya Iran, ndipo fedha zinafunguliwa. Sehemu kubwa ililipa madeni ya benki, na Iran yenyewe ikapata chini ya bilioni 3 mkononi. Madai yaliyobaki yakapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la The Hague lenye wasuluhishi 9, watatu wa Iran, watatu wa Marekani, watatu wa nchi nyingine. Ikawekwa pia akaunti ya dola bilioni 1 ya kulipia Wamarekani watakaoshinda, na kila ikishuka chini ya milioni 500 Iran inapaswa kuijaza.

Kwa wanafunzi wako sisitiza hatua ile ya "Algeria inathibitisha". Neno la msuluhishi ndilo ufunguo wa akaunti, na kama neno hilo lina shaka, mpango wote umekufa.

Mzee wa Ngamiani

Marahaba mwalimu. Binti kaeleza vizuri, ila usiwafundishe watoto kwamba msuluhishi lazima awe hana upande wowote. Ukifanya hivyo utabaki na Uswisi na wengine wachache, na hata Uswisi yenyewe ina matatizo siku hizi.

Norway iliyoandaa mazungumzo ya siri ya Waisraeli na Wapalestina mwaka 1993 ni mwanachama wa NATO tangu mwanzo. Qatar inayowapokea Hamas na Taliban ina kambi kubwa ya Wamarekani pale Al Udeid. Uturuki iliiuzia Ukraine ndege zisizo na rubani na wakati huohuo ikaongea na Moscow. Kinachotakiwa ni kwamba kila upande uone faida ya kumtumia huyo mtu, na uamini kwamba hatauza siri. Hata mshenga si lazima awe mgeni kwa nyumba zote mbili. Mara nyingi ni jamaa wa nyumba moja, na ndiyo maana anasikilizwa.

Uswisi ina kutokuwa na upande kwa sheria, jambo lililotambuliwa na mataifa makubwa tangu 1815. Inawakilisha maslahi ya Marekani huko Tehran tangu 1980. Lakini Februari 28, 2022 ilifuata vikwazo vya Umoja wa Ulaya dhidi ya Urusi. Agosti mwaka uleule ilipokubali kuiwakilisha Ukraine huko Moscow, Urusi ilikataa, ikasema Uswisi si nchi isiyo na upande tena. Mtu anaweza kuitetea Uswisi kwa haki na kwa sheria, lakini haisaidii. Ujumbe unapokelewa na yule anayeletewa, naye akikataa mbebaji, kazi imekwisha. Mkutano wao wa amani ya Ukraine wa Bürgenstock, Juni 2024, Urusi haikualikwa, kwa hiyo haukuwa usuluhishi bali mkusanyiko wa wanaokubaliana.

Kwa Tanzania, mpe mtoto vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi. Mwalimu Nyerere alianza mwaka 1996 kule Mwanza, mazungumzo makubwa yakafunguliwa Arusha Juni 1998, naye akafariki Oktoba 14, 1999 kabla hayajakwisha. Mandela akapokea, mkataba ukasainiwa Agosti 28, 2000. Je, Tanzania ilikuwa haina upande? Meja Pierre Buyoya alipochukua madaraka Burundi kwa mapinduzi Julai 1996, nchi za kanda ziliweka vikwazo dhidi ya Burundi, na Tanzania ilikuwamo. Wakimbizi wa Burundi walijaa Kigoma na Kagera. Serikali ya Bujumbura ililalamika waziwazi kwamba msuluhishi ana upande. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, na hilo lilipunguza joto mezani.

Muundo wake unafaa sana kwa zoezi lako. Wajumbe walikuwa wa makundi 19: serikali, bunge, na vyama 17. Huwezi kuongea na makundi 19 ukumbi mmoja, kila mmoja dakika kumi, jua limezama. Wakagawanywa katika kamati za mada: chanzo cha mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya na maendeleo, kisha dhamana za utekelezaji. Wenyeviti wakatolewa nje ili hata msuluhishi asishike kila kalamu: Armando Guebuza wa Msumbiji kwa ya kwanza, Nicholas Haysom wa Afrika Kusini kwa ya pili, Padri Matteo Zuppi wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki ya Roma, ambaye sasa ni kadinali, kwa ya tatu, na Georg Lennkh wa Austria kwa ya nne. Na nje ya kamati, vyama vikajikusanya vyenyewe katika kambi mbili, za Wahutu saba na za Watutsi kumi. Kwa hiyo makubaliano mengi yalipatikana kwenye korido za hoteli kabla hayajafika kamati.

Kijana wa Mabawa

Mzee, lakini si vita viliendelea baada ya Arusha? Sasa mafanikio yako wapi?

Mzee wa Ngamiani

Viliendelea, na sababu ni moja inayoweza kufundishwa kwa dakika tano. Wapiganaji wenye bunduki nyingi zaidi, yaani makundi ya waasi wa Kihutu CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hawakuwa mezani. CNDD ilikuwa imegawanyika, msuluhishi akamtambua kiongozi wa kisiasa wa zamani, Nyangoma, wakati askari wengi walikuwa wameshamwacha. Mkataba wa Agosti 2000 ukawa na katiba, bunge, na jeshi ambalo hakuna kabila litakalozidi nusu yake, lakini haukuwa na usitishaji wa mapigano. CNDD-FDD iliingia baadaye kwa makubaliano ya Pretoria ya 2003, na FNL wakasaini Dar es Salaam Septemba 7, 2006.

Ila angalia: waliokuja baadaye waliingizwa kwenye muundo uliokwisha kujengwa Arusha. Hawakuanza upya. Kwa hiyo kijana, weka alama zako mwenyewe.

Rwanda ni habari nyingine. Makubaliano ya Arusha ya Agosti 4, 1993, ambako Tanzania ilikuwa mwezeshaji, yaliandikwa vizuri sana: jeshi jipya askari asilimia 60 wa serikali na 40 wa waasi wa RPF, vyeo vya uongozi nusu kwa nusu. Serikali ya mpito ilipaswa kuundwa ndani ya siku 37. Lakini hatua hiyo ilisubiri kikosi cha kimataifa, na Baraza la Usalama lilikiunda kwa azimio namba 872 la Oktoba 5, wakati siku 37 zilishapita. Tarehe iliyo kwenye mkataba ilitegemea watu ambao hawakusaini mkataba. Wafundishe wanafunzi wasiandike tarehe ya namna hiyo, basi.

Raskazone1914

Mwalimu ameomba mfano wa Tanga, na upo chini ya miguu yetu. Wengi wanajua "vita vya nyuki" vya Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani. Wachache wanajua kwamba kabla ya vita kulikuwa na mapatano ya kutopigana.

Sheria ya Berlin ya 1885 ilikuwa na vifungu vilivyoruhusu makoloni ya eneo pana la bonde la Kongo, ambalo kwa mipaka yake ya kibiashara lilifika hadi pwani hii, yawekwe nje ya vita vya Ulaya kwa ridhaa ya pande husika. Wengine waliosaini waliahidi kusaidia jambo hilo lipatikane. Gavana wa Kijerumani wa hapa, Heinrich Schnee, alitaka njia hiyo. Ubelgiji nayo mwanzoni ilitaka Kongo yake isiguswe. Ikafa haraka: Uingereza na Ufaransa hazikuwa na hamu, na Agosti 22, 1914 Wajerumani wakaishambulia meli ya Wabelgiji Ziwa Tanganyika. Ndipo unapoona kasoro ya kifungu kile. Kilihitaji ridhaa ya wanaopigana wakati vita vimeshaanza, na hakuna nchi iliyopewa jukumu la kuzunguka na kuitafuta ridhaa hiyo.

Kule bandarini mambo yalikwenda kivyake. Agosti hiyohiyo, baada ya manowari HMS Astraea kupiga mtambo wa redio Dar es Salaam, maafisa wa jeshi la majini la Uingereza walipatana na watawala wa Kijerumani kwamba Dar es Salaam na Tanga zisifanye uhasama, nazo zisipigwe. London haikuyaridhia. Makao makuu ya jeshi la majini yaliona maafisa wamejipa mamlaka wasiyokuwa nayo. Lakini huku Tanga hakuna aliyearifiwa rasmi, kwa hiyo mapatano yakabaki hewani kwa miezi miwili.

Novemba 2 manowari HMS Fox ya nahodha Caulfeild iliingia bandarini, akamwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamwambia mapatano hayapo tena. Akauliza pia kama bandari imetegwa mabomu ya majini. Auracher akaenda zake kupeleka habari, Waingereza wakapoteza muda wakifagia mabomu ambayo hayakuwapo, na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akashusha askari kwa reli kutoka Moshi. Waingereza walileta watu karibu 8,000, wakashindwa na karibu 1,000, na Novemba 5 walikuwa wamerudi melini.

Kwa zoezi lako mambo ni mawili. Kila anayesaini aonyeshe hati ya mamlaka inayosema nani kamtuma na mpaka wapi anaweza kukubali. Na kila mapatano yawe na kifungu cha kujitoa chenye saa, labda 48 au 72, na taarifa ipitie kwa msuluhishi, isipite kwa nahodha wa manowari aliyekwisha tia nanga mbele ya mji.

Ukiwapeleka wanafunzi Raskazone waone walikoteremka, watakumbuka kuliko slaidi yoyote.

Wakala wa Meli

Naongezea upande wa bahari, kwa sababu mpango wa Bahari Nyeusi, wa kupitisha nafaka ya Ukraine wakati wa vita vyake na Urusi, una karibu kila kitu anachotaka mwalimu, na ni wa juzi tu. Ngano ikipanda kule, chapati inapanda hapa Ngamiani, kwa hiyo wanafunzi hawatasinzia.

Julai 22, 2022 huko Istanbul, Urusi na Ukraine hazikusaini karatasi moja. Ziliandaliwa hati mbili zinazofanana: moja Ukraine ikasaini na Uturuki na Umoja wa Mataifa, nyingine Urusi ikasaini na haohao. Njia ileile ya Algeria kwa sura nyingine. Bandari zilikuwa tatu tu, Odesa, Chornomorsk na Pivdennyi. Muda ulikuwa siku 120, ukiisha unaongezwa kama hakuna anayepinga.

Utekelezaji ulikuwa wa Kituo cha Pamoja cha Uratibu pale Istanbul chenye watu wa pande nne. Meli ikienda Ukraine inasimama nje ya Istanbul, timu ya wakaguzi inapanda kuhakikisha haina silaha. Ikirudi na mzigo inakaguliwa tena. Timu ilihitaji Mrusi na Muukraine pamoja na wengine. Meli ya kwanza, Razoni, iliondoka Odesa Agosti 1 na tani zaidi ya 26,000 za mahindi. Kwa mwaka mmoja zilipita tani karibu milioni 33.

Kilichoharibu ni hapohapo penye ukaguzi. Ukihitaji pande zote mbili ndani ya boti ndipo ukaguzi ufanyike, basi yeyote anaweza kuukwamisha bila kuvunja mkataba: anapunguza idadi ya timu, anauliza karatasi ya ziada, anasema hali ya hewa mbaya. Foleni ya meli ikarefuka, na kila siku meli inayokaa bila kazi mwenye mzigo analipa. Oktoba 29, 2022 Urusi ilisimamisha ushiriki baada ya meli zake kushambuliwa Sevastopol, Crimea, ikarudi Novemba 2. Kuongeza muda nako kukapungua, siku 120 zikawa 60. Julai 17, 2023 Urusi ikajitoa, ikilalamika kwamba ahadi za upande wake hazikutekelezwa, hasa benki yake ya kilimo kurudishwa kwenye mtandao wa malipo wa SWIFT na bomba la amonia la kutoka Togliatti hadi Odesa kufunguliwa.

Malalamiko hayo yana fundisho. Ahadi kwa Urusi zilikuwa kwenye hati nyingine, kati yake na Umoja wa Mataifa, na SWIFT haiko chini ya Umoja wa Mataifa. Msuluhishi aliahidi "kujitahidi". Upande mmoja ukasoma "tutajitahidi", mwingine ukasoma "tutafanya".

Na kwa wale wa bandari: nchi isiyo na upande inatunza heshima yake kwa mambo madogo ya kuchosha. Mkataba wa 13 wa The Hague wa 1907 unasema manowari ya nchi inayopigana, pasipo sheria nyingine ya nchi, isikae bandarini kwako zaidi ya saa 24, zisizidi tatu za upande mmoja kwa wakati mmoja, mafuta yawe ya kuifikisha bandari ya karibu ya kwao tu, na isijaze tena katika bandari zako mpaka miezi mitatu ipite. Upande mmoja ukikuona umelegeza hapo, usitegemee utakuita msuluhishi.

Binti Pangani

Wakala kagusa jambo la waangalizi, nimalizie na Sri Lanka. Norway ilisimamia usitishaji wa mapigano wa Februari 22, 2002 kati ya serikali na LTTE, waasi wa Kitamil. Waangalizi, SLMM, walitoka nchi tano za Nordiki. Mei 2006 Umoja wa Ulaya ukaiweka LTTE kwenye orodha ya magaidi. LTTE ikajibu kwamba waangalizi wa Denmark, Finland na Sweden waondoke, kwa kuwa nchi zao ni wanachama. Wakabaki wa Norway na Iceland peke yao, idadi haikutosha kwa kisiwa kile. Serikali ikajitoa rasmi Januari 2008 na vita vikaisha kwa ushindi wa kijeshi Mei 2009. Uamuzi uliochukuliwa Brussels, mbali kabisa na mazungumzo, ndio uliokata miguu ya waangalizi. Ukichagua waangalizi, uliza kwanza serikali zao zina ahadi gani kwingine.

Usidharau itifaki pia. Juni 2013 ofisi ya Taliban ilifunguliwa Doha, Qatar, ikiwa na bendera na kibao chenye jina la Emirati ya Kiislamu, jina la serikali yao ya zamani. Rais Karzai wa Afghanistan akasimamisha mazungumzo yake na Wamarekani, kibao na bendera vikashushwa, na ofisi ile ikafungwa baada ya muda mfupi. Makubaliano ya Doha kati ya Marekani na Taliban yalikuja Februari 29, 2020, na serikali ya Kabul haikuwa sehemu yake.

Mwl. wa Chumbageni

Nashukuru sana wote, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Raskazone tutakwenda, lipo basi la shule.

Sasa naomba mnisaidie kupanga: wanafunzi 30 niwagaweje, na mitego ipi niweke ili wasimalize kwa kupeana mikono saa nne asubuhi?

Mzee wa Ngamiani

Tisa upande mmoja, tisa upande wa pili, na katika kila tisa weka watatu wa "jeshi" ambao bila wao hakuna kinachosainiwa. Saba wasuluhishi. Watatu wawe kundi lenye silaha ambalo halikualikwa. Wakae nje, wapewe haki ya kutangaza shambulio mara mbili kwa siku. Wawili wawe wafadhili, wenye fedha na masharti yao, wanaoweza kuchelewa.

Katika wasuluhishi saba: mmoja mkuu, wawili wa kubeba ujumbe, wawili wa kuandika rasimu, mmoja wa kumbukumbu, mmoja wa fedha na itifaki. Mkuu asiandike rasimu. Akiandika atalipenda neno lake na kuligombania.

Binti Pangani

Jumamosi ya kwanza pande zisionane kabisa. Kila moja darasani kwake, wasuluhishi ukumbini. Ujumbe uwe wa maandishi, usizidi mistari kumi, nakala mbili. Mbebaji akifika anausoma kwa sauti, kisha anayepokea anarudia kwa maneno yake alivyoelewa, na mbebaji anarekebisha kabla ya kuondoka. Ukiacha hatua hii, ndani ya saa moja utasikia "sisi hatukusema hivyo".

Rasimu iwe moja tu, ya wasuluhishi. Pande zisilete rasimu zao, zikosoe ile iliyopo. Camp David 1978, Marekani ilipozisuluhisha Misri na Israel, walitumia njia hiyo: siku 13, rasimu 23. Msuluhishi wa pale hakuwa bila upande, lakini mbinu ni nzuri. Kila rasimu ipewe namba na saa, ya zamani zikusanywe zote kabla ya kugawa mpya. Yasiyokubaliwa yabaki kwenye mabano ya mraba. Mabano yakibaki matatu au manne, hapo ndipo uwaite wakuu wa pande mbili chumba kimoja, bila wasaidizi.

Raskazone1914

Mtego wa kwanza: Jumamosi ya pili, saa tatu asubuhi, mpe upande mmoja bahasha kutoka "mji mkuu" inayosema mjumbe aliyekubali kifungu cha bandari hakuwa na mamlaka. Kama wasuluhishi walidai hati za mamlaka wiki iliyopita, watapona. Kama hawakudai, waache wahangaike.

Wa pili: ning'iniza bendera ya upande mmoja mlangoni mwa ukumbi kabla hawajafika. Usiseme kitu.

Wakala wa Meli

Mwalimu, kwenye karatasi ya kusitisha mapigano wasikubaliwe kuandika "mara moja" wala "haraka iwezekanavyo". Waandike tarehe, saa kwa tarakimu nne, na ni saa ya nchi gani. "Saa sita" yetu na ya mgeni hazilingani, na mizinga haingoji tafsiri. Ramani iambatishwe na mstari uchorwe kwa kalamu laini: kwenye ramani ya 1 kwa 50,000, mstari wa milimita moja ni mita 50 ardhini, na hizo mita 50 zina nyumba za watu.

Kubadilishana wafungwa nako kuwe na orodha ya majina, idadi kwa siku, mahali, na nani anahesabu. Katika usitishaji wa Gaza wa Novemba 2023 ulioanza tarehe 24 kwa usuluhishi wa Qatar pamoja na Misri na Marekani, majina yalipita kwa wasuluhishi siku kwa siku. Siku ya pili tu makabidhiano yalichelewa kwa saa kadhaa kwa ugomvi wa malori ya misaada ya kaskazini. Ulidumu siku saba. Kwa hiyo kifungu cha malori na kifungu cha wafungwa visifungwe pamoja bila kusema kimoja kikikwama kingine kinafanyaje.

Kijana wa Mabawa

Mimi nawaombea wale watatu wa nje wapewe na chai. Wakiwa na njaa watashambulia zaidi ya mara mbili.

Mzee wa Ngamiani

Hapana, wasipewe. Chai iwe mikononi mwa wasuluhishi, tuone nani atakumbuka kuwapelekea.